Taulo la Fundi Saa

Chumba cha fundi saa kilifagiliwa na kupigwa deki kila siku kabla jua halijapanda. Fundi mwenyewe alilala kitandani, jicho lake la kulia limefunikwa, kwani siku nne zilikuwa zimepita tangu apasuliwe mtoto wa jicho. Jicho hilo halikuwa la kutazamia njia tu. Ndilo alilolibandika kioo cha kukuzia, akapanga magurudumu madogo kuliko punje za mtama, na nyumba nzima ikala kwa jasho la jicho hilo.

Muuguzi wa hospitali alikuwa amempa mkewe masharti, akiyahesabu kwa vidole ili asisahau hata moja. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutia dawa. Taulo la mgonjwa liwe lake peke yake. Jicho lisifutwe ila kwa pamba safi, na vumbi lisiingie chumbani.

"Mama, jicho lililopasuliwa ni kidonda kibichi," alimwonya. "Likiingia uchafu, usije ukasema hukuambiwa."

Mke wa fundi aliyashika masharti hayo kama mtu aliyekula yamini. Mambo yakaenda sawa hadi siku ya tano, alipowasili wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa fundi, muuza mkaa, mwanamke wa miraba minne ambaye sauti yake ilimtangulia mlangoni. Wazazi wao walipofariki, ni yeye aliyemlea nduguye, na mkaa wake ndio uliompeleka kujifunza ufundi. Aliposikia ndugu yake amepasuliwa, alipakia magunia kwenye lori, akaja kukaa wiki mbili. Asubuhi auze mkaa sokoni, mchana amuuguze.

Mchana wa kwanza aliingia chumbani moja kwa moja kutoka sokoni, viatu miguuni, viganja vyeusi tititi.

"Mdogo wangu! Nani kakuziba jicho kama dirisha lililovunjika kioo?" Akacheka, akamkumbatia, akalitwaa taulo jeupe lililoning'inia kwenye msumari, akajifuta jasho la shingo, kisha akalirudisha palepale.

Damu ilimchemka mke wa fundi. Alifungua kinywa, akakifumba. Angemwambiaje? Kumwambia muuza mkaa anawe mikono, aliwaza, ni kuitukana kazi yake. Atasema namwonea kinyaa, na mkaa huohuo ndio uliomfanya mume wangu awe mtu. Basi akachagua njia ya mzunguko. Akamsema mume ili wifi asikie.

"Baba we!" alifoka. "Taulo la jana tu, leo jeusi kama sufuria ya kuni! Umelifutia nini? Muuguzi hakusema ni lako peke yako?"

Fundi alibaki na jicho moja limemtoka pima. "Mimi? Si nimelala hapa kama gogo tangu asubuhi!"

"Nyamaza! Na hili vumbi je? Umepanda kitandani na viatu?"

Wifi alisikia, ila alisikia lake. "Ama kweli mgonjwa hana mwenyewe!" alisema, mikono kiunoni. "Mtu hawezi hata kuinuka, anasimangwa kwa taulo! Wifi, naona umechoka. Kuanzia leo pumzika. Dawa nitamtia mimi."

Akaichukua chupa ya dawa kwa viganja vilevile.

Jioni, wifi alipokwenda kuoga, mke alimsogelea mumewe. "Mwambie dada yako!"

"Nimwambie mimi? Yeye ndiye aliyeninawisha mikono tangu utotoni, leo nimwambie anawe? Halafu unanitukana kwa makosa yake, kisha unanituma nikakusemee! Mwambie mwenyewe, mwenye nyumba. Dada ana kelele, hana meno."

Hakumwambia. Kesho yake aliweka beseni la maji na kipande cha sabuni mlangoni pa chumba, mahali ambapo hata kipofu angelikanyaga. Wifi alilipokea kwa furaha. "Ahsante, wifi yangu, wewe una macho ya huruma," akasema, akafulia humo kitambaa chake cha kichwa. Mwenye nyumba akatabasamu, meno yameumana.

Siku ya sita ya ugeni ule, jicho lilianza kuwasha. Mke alikuwa akileta chai alipomwona wifi akilowesha pindo la nguo yake kwa mate na kulifuta jicho taratibu, kwa upendo wa mama. Neno lilimfika kooni, likawaka kama pilipili. Lakini lilipotoka, lilipotea njia kama kawaida yake.

"Baba we, mbona unalisuguasugua hilo jicho?"

Asubuhi iliyofuata kope zilikuwa zimevimba kama nyanya, na usaha ukitiririka shavuni.

Huko hospitali, daktari alilitazama jicho, akawatazama wanawake wawili waliosimama mbele yake. "Nani alikuwa akimtia dawa? Alikuwa akinawa?"

Hapo ndipo bwawa lilipopasuka.

"Ni wewe, wifi!" mke alipiga kelele mbele ya wagonjwa wote. "Taulo lake ulijifutia jasho! Dawa umemtia kwa mikono ya mkaa! Jana umemfuta kwa mate, nimekuona kwa macho yangu!"

"Umeniona?" Sauti ya muuza mkaa, kwa mara ya kwanza, ilishuka. "Umeniona ukanyamaza? Siku sita nalala kwako, nala kwako, kinywa ulikuwa umekiazimisha? Ulimgombeza ndugu yangu nikadhani humpendi, nami nikazidi kumshika. Mkaa nauza miaka thelathini, wadhani sijui kwamba unachafua? Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningenuna mpaka jioni. Kisha ningekula, ningelala, na asubuhi ningenawa!"



Jicho liliokolewa, lakini si lote. Fundi alirudi dukani baada ya miezi mitatu, akiona kwa jicho hilo nyuso za watu na saa kubwa za ukutani tu. Saa ndogo za mkononi, zilizompa jina mjini kote, aliwaelekeza wenye nazo kwa mafundi wengine. Kila alipomrudishia mteja saa mkononi, mkewe, aliyeketi pembeni akimsaidia kutafuta skrubu, aligeuza uso na kuyafuta machozi kwa kiganja. Alimhurumia mgeni asije akaudhika kwa neno moja la kweli, na mgeni yule kwa hakika hakuudhika. Ama kweli, mchelea mwana kulia, hulia yeye.