Kitabu Kilichotoka Motoni

Hapo zamani, wakati kigango cha Lupembwe kilipokuwa na kanisa la nyasi na kengele ya kipande cha reli, kijiji kizima kilikuwa na kitabu kimoja tu. Kilikuwa Agano Jipya lenye jalada la ngozi nyeusi, likikaa ndani ya sanduku chini ya altare. Kwenye kurasa tupu za mwisho yaliandikwa majina ya waliobatizwa na ya waliofariki, kwa hiyo hata asiyejua kusoma alijua kwamba yumo mle. Padre alifika mara mbili kwa mwaka, kwa miguu, akitoka misheni mwendo wa siku mbili. Siku nyingine zote watu walimtegemea katekista wao, Wigbert Hyera. Yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyefundisha, yeye ndiye aliyezika.

Mfagiaji wa kanisa alikuwa Eusebia Nchimbi, mke wa Otmari, watu wakimwita Mama Yustina. Hakujua hata herufi moja. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi lazima sanduku lile lipanguswe vumbi.

Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, moto wa kusafishia mashamba ukamponyoka mtu asiyejulikana mpaka leo. Upepo ukauchukua, ukaupandisha mlima. Otmari alikuwa mbali anapasua mbao. Watoto wawili, Yustina na mdogo wake Longino, walikuwa mtoni na shangazi yao. Eusebia alikuwa anarudi kutoka kuteka maji akauona moto unakuja. Kushoto kwake kanisa. Kulia kwake nyumba yake, na kihenge kilichojaa mahindi ya mwaka mzima. Akapima kwa macho, akaona mbio zake zinatosha upande mmoja tu.

Akakimbia kushoto.

Sanduku lilikuwa limeshaanza kuungua. Alilivunja kwa teke, akakitoa kitabu, akakizimia kwenye khanga yake. Alitoka bila nyusi, na paa likaanguka nyuma yake. Sura kumi za mwanzo za Injili ya Mathayo zilikuwa majivu. Mengine yote yalikuwa salama. Kihenge chake kiliwaka mpaka jioni.

Otmari aliporudi alizunguka pale penye majivu, kisha akamuuliza mkewe neno moja tu.

"Kitabu kinaliwa?"

Majirani waliwagawia walichoweza, lakini nao moto haukuwaacha. Masika yalipofika watu walikuwa wanakula mboga bila ugali. Surua ikaingia kijijini, na Longino, aliyekuwa na miaka miwili na mwili mwepesi kama kifaranga, hakuwa na nguvu za kupambana nayo.

Siku ya maziko Wigbert alisimama kaburini bila kitabu, maana neno alilolitaka lilikuwa katika zile kurasa zilizoungua. Akalisema kwa kichwa: lile neno la heri kwa wanaolia, kwamba wao ndio watakaofarijiwa. Eusebia alilishika palepale. Alilisema akitwanga, akalisema akipalilia, na usiku usingizi ulipokataa alilisema mpaka ukaja.

Kitabu kikabaki kwake, katika nyumba waliyoijenga upya, kwa kuwa kanisa halikuwepo.

Baada ya miaka miwili macho ya Wigbert yakaanza kuingia ukungu. Akaogopa. Sura kumi zilikuwa kichwani mwake peke yake, na kichwa kile kingezikwa siku moja. Akamwita Desideri Mbele, fundi cherehani, aliyesoma hadi darasa la nne kule misheni.

"Mwanangu, leta kalamu. Mimi nitasema, wewe uandike."

Wakakaa barazani kwa Eusebia Kwaresima nzima. Wigbert akasema, Desideri akaandika. Wigbert akanyamaza kukumbuka, Desideri akasubiri. Wigbert akakumbuka, Desideri akachovya wino. Eusebia aliwapikia uji. Walipomaliza, Desideri alizishonea zile kurasa ndani ya jalada kwa uzi wa cherehani, mshono mzuri wa kola ya shati. Kitabu kikawa kizima tena. Watu wakaja kukigusa.

Kisha Desideri akaondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Akakaa huko miaka tisa. Aliporudi alirudi na mke, na Biblia yake mwenyewe iliyopigwa chapa, na ubatizo wa pili, wa mtoni. Siku ya gulio alisimama juu ya kreti ya soda akahubiri.

"Ndugu zangu, kilichoandikwa kinatosha! Kama halimo Kitabuni, msilibebe. Rozari imeandikwa wapi? Kuwaombea wafu kumeandikwa wapi humu?"

Watu wakamwita Wigbert. Akaja na fimbo yake, mzee, macho yamebaki ya kutambua mwanga tu.

"Desideri," alisema, "hata hilo jina lako halimo Kitabuni. Nilikupa mimi siku ya ubatizo. Mbona umelibeba mpaka kwenye mkonge, kisha ukarudi nalo?"

Gulio zima likacheka, na Desideri naye akacheka. Lakini alikuwa amejiandaa.

"Baba, wale mamajusi waliomwendea mtoto Yesu walikuwa wangapi?"

"Watatu. Gaspari, Melkiori na Baltazari."

"Ndivyo ulivyosema barazani, na ndivyo nilivyoandika. Sasa sikilizeni hiki cha chapa." Akasoma, polepole, mpaka mwisho wa habari ile. Hakuna hesabu. Hakuna jina hata moja. "Watatu wametoka wapi, baba?"

Wigbert aliikita fimbo yake chini.

"Nilivyopokea kwa walionitangulia, ndivyo nilivyotoa," akasema.

"Ndiyo shida yenyewe. Mdomo huongeza."

"Sawa. Nami nikuulize. Agano Jipya lina vitabu ishirini na saba. Nani alikwambia si ishirini na sita? Imeandikwa wapi humo? Mitume walihubiri kwa mdomo wakabatiza maelfu kabla mtu hajachukua kalamu. Kanisa ndilo mama aliyekizaa Kitabu, wewe unataka mtoto amkane mama."

"Roho humshuhudia anayesoma, baba."

"Na aliyetunza ili usome, yeye hakuwa na Roho?"

Mabishano hayo yaliendelea gulio baada ya gulio. Hawakutukanana. Wakimaliza, Desideri alimshika mzee mkono mpaka kwake, kwa kuwa njia ilikuwa na mashimo.

Eusebia alisikiliza yote, na moja lilimchoma. Kila Novemba yeye alilitaja jina la Longino katika sala za marehemu. Akamfuata Desideri kwenye cherehani yake.

"Mwanangu, unaniambia nisimtaje mtoto wangu?"

Desideri aliuacha mguu wake utulie juu ya pedali. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulimtesa.

"Mama Yustina, siwezi kukwambia nisichokikuta kimeandikwa. Wala sitaki kukuumiza. Lakini naweza kukufundisha kusoma, ujitafutie mwenyewe."

"Mimi? Na umri huu?"

"Wewe. Kitabu umekaa nacho miaka yote hii."

Basi mwanamke wa miaka arobaini na tano akaanza na a, e, i, o, u. Aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Otmari alipita, akatikisa kichwa, lakini hakuyafuta maandishi yale. Miezi minane ikapita. Siku moja Eusebia akafungua zile kurasa zilizoshonwa na kuanza kufuata kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka kwenye maneno ya heri. Heri ya kwanza. Heri ya pili. Akarudi juu. Akashuka tena. Akafunga kitabu, akakipeleka kwa Desideri.

"Neno langu liko wapi?"

"Lipi, mama?"

"La wanaolia. Nililosemewa kaburini."

Desideri akaangalia mwandiko wake. Halikuwemo. Akafungua Biblia yake ya chapa. Lilikuwemo, mahali pake, wazi kabisa. Akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Mzee alilisema. Hakuwa na shaka kwamba mzee alilisema. Kalamu yake ndiyo iliyoliruka, siku ya njaa au ya usingizi, hakukumbuka.

Gulio lililofuata alipanda kwenye kreti yake.

"Nilisema mdomo huongeza," alisema. "Leo naungama mbele yenu kwamba kalamu nayo huacha. Mdomo wa baba Wigbert ulilitunza neno ambalo mkono wangu ulilipoteza. Na aliyeligundua ni mama huyu."

Alilirudishia pembeni kwa wino mpya, na akawafuta mamajusi wawili kati ya watatu. Kisha akaona hilo nalo si sahihi, akaifuta hesabu yote. Wigbert alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Ungedhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Mwaka ule kanisa jipya la kigango lilikamilika, lenye bati. Na ng'ambo ya kijito, watu wa Desideri nao wakamaliza lao, la udongo. Kila upande ukataka kitabu. Biblia za chapa zilikuwa zimeanza kupatikana, lakini nani angelinganisha? Hiki kilitoka motoni. Hiki ndicho kilichokuwa na majina ya watoto wao na ya wafu wao. Kitakakolala, ndiko kijiji kitakakosali. Na Eusebia, aliyedhaniwa angechagua upande, alisema hakitoki nyumbani mwake.

Wakapeleka shauri kwa Jumbe Rajabu Ngonyani. Yeye alikuwa Mwislamu, na ndiyo maana wote walimwamini. Akaweka kitabu juu ya kigoda, akawaketisha watatu wale mbele ya watu.

"Madai yenu nayajua," alisema. "Mmeyasema kila gulio, hata mbuzi wangu wanayajua. Leo sitaki kila mtu ajisemee. Desideri, msemee mzee Wigbert. Wewe Wigbert, utamsemea Mama Yustina. Naye Mama Yustina atamsemea Desideri. Na msipunjane."

Watu wakaguna. Desideri alivua kofia, akakaa nayo mkononi.

"Kama si baba huyu, nisingekuwa na cha kuandika," alisema. "Sura kumi alizibeba kichwani wakati karatasi hazipo. Nimewaambia watu kilichoandikwa kinatosha, lakini mimi mwenyewe wa kwanza kuniambia kwamba kuna Mungu alikuwa yeye, na siku hiyo hakuwa na kitabu mkononi. Kitabu hiki kilipokufa, kilikwenda kuishi ndani yake. Basi ni chake."

Wigbert aligeuza uso kuelekea aliposikia Eusebia anapumua.

"Mimi nimetoa maneno," alisema, "na nikiisha kuyatoa bado ninayo. Desideri ametoa mkono wake, na mkono bado anao. Mama huyu alitoa kihenge, na kihenge kikaondoka na mtoto wake. Sisi wawili tumebishana juu ya kitabu kwa sababu kipo, na kipo kwa sababu yeye alikimbilia kushoto. Nilimzika mtoto yule kwa mikono yangu. Siku ile sikuthubutu kumtazama. Basi ni chake."

Ikawa zamu ya Eusebia. Alikitazama kitabu pale kigodani, na mshono wake uliokuwa umeanza kulegea.

"Nilikitoa motoni," alisema, "lakini nilichokitoa sikukijua. Nilikipangusa kila Jumamosi kama sahani ya wageni. Watu walinisomea, nikasema amina. Huyu ameniambia nisimwombee mwanangu, na hilo sijamsamehe wala sijalitii. Lakini ndiye aliyenishika kidole akakiweka juu ya herufi. Kwa kazi yake nilijua kwamba neno langu limepotea, na yeye ndiye aliyelirudisha, kwa aibu, juu ya kreti, mbele ya watu wote. Kufungua kitabu ni kukipata. Mimi nimekipata kwa Desideri. Basi ni chake."

Hata wauza vitumbua walisimama.

"Vema," alisema Jumbe. "Sasa yupo kati yenu anayekiacha kwa mwenziwe?"

Wigbert akainamisha kichwa. Desideri akazungusha kofia yake. Eusebia akatazama mikono yake. Hakuna aliyesema ndiyo. Kila mmoja alikuwa amesema kweli juu ya mwenzake, na kila mmoja bado alikitaka.

Jumbe Rajabu akaguna. "Mmenizidishia kazi." Akafikiri, kofia yake iliyodariziwa kwa mkono imeshuka mpaka machoni. Kisha akainuka, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akampa mmoja wao. Na wale wawili waliobaki hawakulalamika, ingawa mmoja wao alilia.

Sasa ninyi mlioketi hapa, msinijibu kwa ubatizo wenu. Najua nani hapa huvaa rozari, na nani hutembea na Biblia kwapani. Ondoeni hayo kidogo, mfikiri kama Jumbe yule. Mmoja alikipa kitabu uhai wa mtoto wake. Mwingine alikitunza kifuani kilipokuwa majivu. Wa tatu alikiandika, akakisahihisha, akakifungua kwa asiyejua kusoma.

Kitabu kiko mikononi mwenu. Nyosheni mikono: mnampa nani?