Cheni ya Shigela

Nyoosha gurudumu ndipo ukaze cheni. Mmenisikia nikimwambia jirani maneno hayo, na sasa mnataka kujua yalikotoka. Basi methali hii ilianza hivi.

Upande wa Urambo alikuwapo mkulima wa tumbaku aitwaye Shigela. Mama yake, Nyamizi, alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila Jumatatu na Alhamisi Shigela alimpakia kwenye keria ya baiskeli, akampeleka zahanati kusafishwa, mwendo wa saa mbili katika mchanga. Kiangazi kizima alifanya hivyo, na shamba likimngoja.

Kisha cheni ikaanza kuchomoka. Mwanzoni ilichomoka mara moja, akairudisha. Wiki ya pili, mara nne. Kila ilipochomoka ilibidi mama ashushwe, akae chini na mguu wake, halafu apandishwe tena. Kila jioni Shigela alichukua spana, akalegeza nati ya kulia, akavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikakazika, akafunga. Nati ya kushoto ilikuwa imeshika kutu. Kwa uchovu, aliiacha.

Mama, pale nyuma alipokaa, alisikia tairi likikwaruza.

"Shigela, gurudumu hili linasugua fremu."

"Mama, niache nipige pedeli."

Mama hakulisema tena. Alijiona mzigo, na mzigo haumshauri mchukuzi.

Alhamisi moja cheni ilikatika katikati ya safari. Shigela alikaa kando ya njia, akaitazama cheni bila kuiokota.

"Nimechoka, Mama."

"Najua."

"Nimeikaza mpaka viganja vimetoka malengelenge."

"Umevuta upande mmoja tu, mwanangu. Kila ukivuta, gurudumu linazidi kwenda mshazari. Meno ya nyuma hayatazamani tena na ya mbele. Cheni itatuliaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nikaona huna nafasi ya kusikia."

Shigela akaiokota cheni. Aliisukuma baiskeli hadi nyumbani, mama juu yake, na kidonda siku ile hakikusafishwa.

Kesho yake fundi wa kijijini aliiunga cheni. Shigela akaitia mafuta nati ya kushoto, akaigonga, akaingoja, akaigonga tena. Karibu na adhuhuri ikazunguka. Akalegeza pande zote mbili, akaweka gurudumu katikati ya fremu, akachuchumaa nyuma na kufumba jicho moja mpaka meno ya nyuma na ya mbele yakawa mstari mmoja.

"Nikaze sasa?" akamuuliza mama yake.

"Sasa kaza."

Jumatatu walikwenda. Njia haikufupika wala mchanga haukupungua, na Shigela alitoka jasho lilelile. Ila alishuka mara moja tu, walipofika zahanati. Kidonda kilifunga wakati wa mvua za kwanza.

Tangu hapo, watu wa kule wakimwona mtu anaongeza nguvu juu ya jambo lililokwenda upande, hawamwambii ajitahidi. Amekwisha kujitahidi. Humwambia kwa upole: nyoosha gurudumu ndipo ukaze cheni.