Benchi la Wafiwa

"Sauti hupimwa benchi la wafiwa." Mmeisikia jana kwenye mkutano wa maji. Bwana wa mradi alikuwa akijisifu jinsi bomba jipya linavyomwaga, ndipo Mama Nakunda wa kule juu kabisa, ambako maji hayafiki, akainuka, akasema maneno hayo matano, akaketi. Wazee wakaguna. Ninyi mkatazamana kama kondoo waliosikia radi, na leo mnaniuliza ameyatoa wapi. Hakuyatoa mbali. Methali nyingi hatujui zilikozaliwa, lakini hii ina kwao, na kwao ni humu humu kanisani. Chanzo chake ni hiki.

Usharika wetu ulikuwa na fundi mitambo aliyeitwa Sifaeli Mshana. Alijifunza kazi Moshi, kwenye duka la kutengeneza redio, akarudi huku milimani na masikio ambayo kwa kweli Mungu hayagawi ovyo. Waya ukikwaruza, alijua ni upi kabla hajainuka. Maiki ikitaka kupiga mluzi, mkono wake ulikuwa umeshafika. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango mkubwa, juu ya jukwaa dogo la mbao. Mbele yake palikuwa na ile mashine ya kuchanganyia sauti, miksa, na kichwani alivaa hedifoni. Pale hakuna aliyegusa kitu, hata mchungaji. Watu wa sharika nyingine walikuja kusikiliza, wakasimama nyuma karibu naye, wakatikisa vichwa: "Mitambo ya Sifaeli inaongea!" Naye aliyapenda maneno hayo, tusifichane. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Sifaeli hakutia maji hata tone. Kosa lake lilikuwa jingine.

Spika zake mbili kubwa zilitundikwa kwenye nguzo za mbele, zikiwatazama watu. Benchi la kwanza lilikuwa chini ya nguzo hizo, nyuma kidogo ya spika zenyewe. Jumapili benchi hilo huwa tupu, mnajua wenyewe mnavyolikimbia. Hujaa siku ya mazishi tu. Siku hiyo wafiwa huketishwa pale, karibu na jeneza, mtu akinyoosha mkono analigusa. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi njema.

Sasa mwaka ule akafariki Mwalimu Kiangi, mtoto wa pekee wa mjane mmoja aliyeitwa Naelijwa. Kiangi alifundisha Kibondo, mbali sana na huku. Kwa miaka kumi na miwili mama yake alimwona Krismasi tu, na si kila Krismasi. Aliugua wiki tatu, akafia huko huko, na mama hakuwahi kufika. Jeneza lilisindikizwa na mwalimu mwenzake, Masalu, ambaye ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Kwa hiyo mnaelewa mambo yalivyokuwa: yote ambayo mama angeweza kuyajua kuhusu siku za mwisho za mwanawe yalikuwa kinywani mwa mgeni yule mmoja.

Masalu alipewa maiki. Alikuwa amechoka na safari ya siku mbili, na sauti yake ilikuwa ya chini, imekauka. Sifaeli akaipandisha pole pole, akaipunguzia besi, akaisafisha, hadi waliosimama nje mlangoni wakasikia kila neno. Kanisa zima lililia. Jioni ile ile Masalu akaondoka na gari lililoleta jeneza. Sifaeli akakunja waya zake akiwa ameridhika.

Siku ya tisa, Jumamosi, Naelijwa alimkuta kanisani akipangusa vumbi.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa." Akaketi kwenye benchi lile lile la mbele, na Sifaeli akasimama mbele yake. "Nimekuja unisaidie. Yule mwalimu aliyemleta mwanangu, alisema nini?"

"Alisema vizuri sana, mama. Kila mtu alilia."

"Niliwaona wakilia. Ndiyo nakuuliza, walikuwa wanalia nini? Majirani nao wananiambia hivyo hivyo, alisema vizuri, alisema vizuri. Hakuna anayeyashika maneno. Nikasema niende kwa Sifaeli, yeye aliyavaa masikioni."

Sifaeli alikumbuka sauti yote: ilivyokwaruza mwanzoni, herufi zilizochoma sikio akazilainisha, mahali Masalu alipopumua. Alitafuta maneno yenyewe ya Masalu, hakupata hata moja. Alikuwa amesikiliza sauti dakika kumi na tano, na mtu aliyekuwa ndani ya sauti hakumsikiliza.

"Kwani wewe hukusikia kabisa, mama?"

"Nilisikia ngurumo tu. Nikadhani ni uchungu umeniziba masikio. Mtu akifiwa atasikia nini?"

Sifaeli akaenda nyuma, akawasha mitambo, akaiacha vile vile ilivyokuwa siku ya mazishi. Akamwita Mwinjilisti Mbwambo aliyekuwa akifagia nje, akamwomba asome zaburi yoyote kwenye maiki. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Akavua hedifoni, akatembea hadi mbele, akaketi kando ya Naelijwa.

Alisikia ngurumo. Besi, ile sauti nzito, haina adabu, huzunguka kila mahali, lakini maneno huenda moja kwa moja kule spika inakotazama. Maneno ya zaburi yalipita juu ya vichwa vyao yakawaendea mabenchi ya nyuma, yakagonga ukuta wa mlangoni, yakarudi yamechelewa na kuchanganyikana. Mwinjilisti alikuwa hatua nane tu kutoka pale, lakini Sifaeli hakuambulia hata jina la Bwana.

"Ndivyo ilivyokuwa," Naelijwa akasema. "Kumbe na wewe husikii."

Kuanzia Jumatatu Sifaeli alipita nyumba kwa nyumba, akiwauliza waliowahi kuketi benchi lile kama walisikia. Alimuuliza mke wa marehemu Mzee Mfinanga. Alimuuliza baba aliyezika binti. Wote walimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeguswa kidonda alichodhani ni chake peke yake. Mmoja akasema, "Nilidhani ni machozi." Mwingine akasema, "Nilijua ni mimi." Nyumba ya tano hakuweza kuuliza tena, aliketi kwenye jiwe la njiani akalia, mtu mzima. Miaka kumi na mmoja alisifiwa na waliosimama mlangoni, wakati wale ambao ibada ilifanywa kwa ajili yao hawakusikia wapendwa wao wakiagwa. Wala hawakulalamika. Nani atainua mkono mbele ya jeneza aseme sauti haifiki?

Akatengeneza spika ndogo mbili, akaziweka chini, zikilitazama benchi lile. Hilo lilikuwa jepesi. La Naelijwa lilibaki. Akaomba kwa mchungaji namba ya simu ya Masalu, akampigia, akamweleza bila kujitetea. Masalu akasema, "Shule zikifungwa nitakuja."

Alikuja mwezi wa sita. Jumapili, baada ya ibada, watu waliombwa wabaki, wakabaki. Naelijwa aliketi benchi la mbele. Sifaeli alipanga sauti, kisha akaiacha miksa peke yake na kwenda kuketi pembeni ya mama yule.

Masalu akasema, "Mama, siku mbili kabla hajafa aliniambia hivi: 'Ukifika kwa mama, usianze na ugonjwa. Anza na makande. Mwambie mwanzoni niliyaunguza miaka mitatu, lakini sasa yanaiva, na kila Jumamosi walimu wote wanakuja kula kwangu. Mama anaogopa kwamba huku nakula peke yangu. Mwambie sikuwahi kula peke yangu.'"

Naelijwa akasema, si kwa nguvu, "Lazima alikuwa anazidisha magadi," akacheka. Kisha akalia kwa sauti kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Watu walimwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akamshika Sifaeli mkono.

"Nimesikia," akasema. "Sasa nimemzika."

Tangu hapo, kila fundi mgeni aliyesimama mlangoni na kumsifia mitambo, Sifaeli alimkatiza sifa zake. Alimshika mkono, akampitisha katikati ya mabenchi yote hadi mbele, akamketisha pale ambapo hakuna anayependa kuketi. Alimwacha asikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Ndipo alipomwambia: "Ndugu yangu, usipimie mlangoni. Sauti hupimwa benchi la wafiwa."