Asili ya Kolanji

Hapo zamani za wenye matumbo makubwa, palikuwa na Sultani Mwinyikombo, naye alikuwa akila kana kwamba kesho hakuna kula. Siku moja tumbo likamshika, likamsokota hata akaguna mbele ya baraza zima. Watu wa mji maradhi hayo wakiyaita msokoto, lakini tabibu wa jumba, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko elimu yake, akaona si adabu Sultani kuugua ugonjwa wa wachukuzi. Basi akasema ni kolanji, neno la vitabuni, limetoka Uyunani likapitia Uajemi. Sultani akafurahi nusura asahau maumivu.

Ikawa Faki, maskini msokota kamba, amefika kuleta kamba za kisima, akaisikia ile miguno na maneno ya tabibu. Kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na mlango, akasema, "Pole, Bwana wangu. Huo ni msokoto tu; hata punda wangu huwa nao."

Sultani akamwambia, "Ewe Faki, umenifananisha na punda. Basi Ijumaa uniletee hapa asili ya neno kolanji, niione kwa macho yangu. Usipoileta, bakora hamsini."

Faki hakujua kusoma, na mgongo alikuwa nao mmoja tu. Aliogopa sana. Lakini hakwenda kwa wanazuoni. Alikwenda nyuma ya jiko la jumba, kwenye jaa.

Ijumaa akaja na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Akafunua: mifupa ya kuku saba, fuvu la mbuzi, na bakuli la halua lililokombwa hata likang'aa.

"Bwana wangu," akasema, "neno nimelifuata lilikotoka. Limetoka kinywani mwa tabibu. Tabibu aliitwa na mguno. Mguno ulitoka tumboni. Na tumboni viliingia hivi. Nilipofika hapo, sikuona tena njia ya kwenda Uyunani."

Sultani akakunja uso, kisha akacheka, akacheka hata tumbo likafunguka, ukatoka upepo uliotikisa mapazia. Mawaziri wakatazama dari. Tabibu akajiziba pua kwa ncha ya kilemba. Maumivu yakaisha palepale, naye Sultani akaamuru Faki asamehewe bakora, aandikiwe chakula cha jumba, ale hata aseme basi.

Faki hakuwahi kushiba tangu azaliwe, kwa hiyo hakujua pa kukomea. Akarudi nyumbani amejikunja, akishika kuta. Mkewe akampa pole, akasema huo ni msokoto, atamchemshia tangawizi.

"La, mke wangu," Faki akasema kwa fahari. "Msokoto ni wa punda. Mimi nina kolanji."