Kaburi la Vyumba Vitatu

Haya, mpo?

Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo.

Na midomo?

Tumeiacha nyumbani.

Sasa hiyo inayonijibu ni nini? Kaeni vizuri. Shaweji, toa mguu wako kwenye mkeka wa mwenzio. Naanza, na nikianza sirudii.

Hapo kale, kale ambayo hata mimi sikuwapo, na mnavyoniona nimezeeka hivi, alikuwako Bwana Nguchiro na mkewe Bi Nguchiro. Walikuwa wameoana karibuni tu na tayari wana watoto watatu, maana nguchiro hawana subira. Wote watano waliishi kwa mama mkwe. Shimo lilikuwa moja, na ndani mna mashangazi, mna mashemeji, mna binamu waliokuja kusalimia wakakaa mwaka. Ukijigeuza umelala, umewaamsha wote. Bi Nguchiro akamwambia mumewe, nataka kwangu. Hata pawe padogo kama kibuyu, nataka kwangu.

Kiangazi kilipoingia wakahama. Wakapata kichuguu katikati ya mbuga, kikubwa, mchwa wake walikwisha kuondoka zamani. Kwa nje kilipendeza. Kwa ndani kilikuwa na kishimo cha kutosha watoto watatu na mkono mmoja wa mama yao. Bwana Nguchiro akakwaruza ardhi, kwaru, kwaru, akapata vumbi la kujaza ganda la konokono. Bi Nguchiro akakwaruza, kwaru, kwaru, ukucha ukakatika. Jua lilikuwa limeikausha ardhi mpaka imekuwa mwamba. Wakasema basi, tutachimba kidogo kidogo.

Hawajamaliza hata kutandika majani ya kulalia, wakasikia nje: puf, puf, puf. Alikuwa Bwana Ngiri, jirani yao, mwenye meno mawili yaliyopinda kwenda juu na tumbo linalotangulia kufika. Akawakaribisha mtaani. Kisha akawaambia kwamba yeye ni mtani wao.

Bwana Nguchiro akauliza, utani huo umetoka wapi?

"Babu yako alikuwa akimtoa babu yangu kupe," akasema Ngiri. "Siku moja akakosea, akamng'ata sikio. Wakapigana, wakapatana, na tangu hapo ngiri na nguchiro ni watani. Au kwenu hukufundishwa?"

Bwana Nguchiro, kijana wa watu, hakutaka kuonekana hakufundishwa. Akasema amefundishwa.

Na mambo ya utani mnayajua. Mtani anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe hukasiriki. Mtani anakwambia una sura mbaya, na wewe unacheka. Basi Ngiri akaingiza pua kishimoni, akatoa mayai ya kwale yaliyowekewa watoto, akayala. Kraa, kraa, kraa. Akafuta mdomo, akasema, "Utani huo." Bwana Nguchiro akacheka. Bi Nguchiro naye akacheka, kicheko cha meno tu.

Kesho yake, puf, puf, puf. Wale panzi walioanikwa juani, Ngiri akawala. Kraa, kraa, kraa. "Utani huo." Wakacheka. Kesho kutwa, puf, puf, puf. Mizizi yote iliyotafutwa tangu alfajiri, kraa, kraa, kraa. "Utani huo." Na akitoka hapo, kila anayekutana naye njiani anamwambia, natoka kwa watani wangu, wale ni damu yangu kabisa.

Chakula kingeweza kutafutwa kingine. Lililokuwa baya lilikuja baada ya chakula. Ngiri akishiba, na jua limesimama utosini, alijilaza kwenye kivuli cha kichuguu, na mgongo wake wote ukaziba mlango. Upepo hauingii. Watoto wamo ndani, na ndani ni moto kama chungu kilichosahauliwa mekoni. Bi Nguchiro akimwomba asogee, Ngiri anamwambia, shemeji, una pua kama punje ya mtama, kisha analala. Kuwatoa watoto nje haiwezekani, kwa sababu juu anazunguka kipanga, na kipanga hana utani na mtu.

Siku moja Ngiri alipoamka na kuondoka, Bi Nguchiro akamtoa Kidawa, yule mdogo wao wa mwisho, akamkuta ulimi uko nje na macho yamegeuka. Akamlaza kifuani, akampepea kwa jani, akamtilia mate yake mwenyewe mdomoni. Aliogopa, jamani, mama mtu mzima. Kidawa akafumbua macho baada ya muda mrefu.

"Wewe endelea kucheka utani," Bi Nguchiro akamwambia mumewe. "Jua la kesho na kesho kutwa, mimi nitazika mtoto hapa."

Lilipomtoka hilo neno la kuzika, akalishika. Akaliwaza. Utani una pande mbili, na Ngiri alikuwa anaujua upande wa kula tu.

"Mume wangu," akasema, "kesho utakufa."

Bwana Nguchiro akashtuka. "Mimi? Naumwa nini?"

"Huumwi. Utakufa asubuhi, mpaka adhuhuri hivi."

Bwana Nguchiro akafikiri, kisha akauliza chakula atakula saa ngapi. Wanaume wako hivyo, msinitazame mimi.

Asubuhi Bi Nguchiro akamlaza mumewe chini ya mti wa mgunga ulio karibu, akamfunika majani mpaka shingoni, akamwambia asipumue sana. Akapiga ukunga. Uwiii, uwiii, kichwa changu kimeondoka, uwiii. Majirani wakaja. Alikuja Kobe, mkubwa wa mtaa. Alikuja Kanga na vidoti vyake, akawachukua watoto chini ya mabawa yake wasionwe na kipanga. Alikuja Digidigi, ambaye hulia kwenye kila msiba hata kama hajui nani kafa. Akaja Bi Ngiri naye, mke wa Bwana Ngiri, mama mpole, asiyesema sana. Na nyuma yake, puf, puf, puf, mumewe, kwa sababu msibani watu hula.

Ngiri akauliza wapishi wako upande gani.

Bi Nguchiro akamshika mguu, analia. "Mtani wetu, umefika. Tulikuwa tunakungoja wewe. Marehemu hawezi kulala nje na jua hili, na mwenye kumchimbia ni wewe."

Ngiri akarudi nyuma hatua. "Mimi? Kuchimba?"

Kobe akatoa kichwa polepole. Kobe hana haraka hata ya kusema. Akasema ndivyo ilivyo tangu mababu: mtu akifa, kaburi lake huchimbwa na mtani wake.

"Sikatai," akasema Ngiri. "Ila utani wetu ni wa mbali mbali kidogo."

"Juzi ulipokula mayai," akasema Kobe, "ulikuwa wa karibu."

Watu wote wakamtazama Ngiri. Nao wote alikwisha kuwaambia kwa mdomo wake kwamba wale ni damu yake kabisa. Atakataa vipi? Akauliza achimbe wapi. Bi Nguchiro akamwonyesha: hapo hapo kwenye kishimo, chini ya kichuguu, marehemu alipapenda. Ngiri akapiga magoti, akaingiza meno ardhini. Na meno yale, mwacheni Ngiri na ulafi wake, yalikuwa meno kweli.

Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Udongo nje. Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Udongo nje. Akazama mpaka mabegani. Akatoa kichwa. "Mtani, panatosha?"

"Bado, mtani," akasema Bi Nguchiro. "Marehemu hakuweza joto. Shusha mpaka penye ubaridi."

Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Akazama mpaka mkia ukabaki peke yake juu. "Mtani, panatosha?"

"Bado, mtani. Kwao hawazikwi katikati ya njia. Mtu wao huchimbiwa chumba pembeni, akalala ubavu."

Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Chumba kikapatikana. "Mtani?"

"Bado, mtani. Marehemu alikuwa na vitu vyake. Mchimbie chumba cha vitu. Na hapo mkabala, cha tatu, wazee wake wakija kumtembelea wakae wapi?"

Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Kwaru, kwaru, kwaru, puu. Huku juu jua likapanda, na siafu mmoja akapanda vilevile. Akapanda jani, akapanda kidevu cha marehemu, akaingia puani. Marehemu akavumilia. Akavumilia tena. Mkia ukacheza chini ya majani.

Kanga akasema, marehemu ametikisa mkia.

Bi Nguchiro akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo hata wa kusogeza unyoya. Kanga akafungua mdomo aseme tena, na hapo hapo marehemu akapiga chafya: chyaa!

Kule chini kwaru kwaru ikasimama. Sauti ya Ngiri ikatoka shimoni inauliza nani amepiga chafya.

"Ni mimi, mtani," akajibu Bi Nguchiro. "Mjane ana mafua ya kulia. Ukimaliza hapo, toboa tena njia ya upande wa pili. Marehemu alikuwa na tabia ya kutoka nyuma wageni wakiingia mbele."

Kanga akamtazama Kobe. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, na gamba likawa linatikisika kwa kicheko. Digidigi aliendelea kulia, yeye hakuona kitu.

Adhuhuri Ngiri akatokea upande wa pili wa kichuguu. Udongo umemjaa puani, masikioni, kwenye nywele za mgongo, na miguu ya mbele inamtetemeka. Akasema kazi imekwisha, mleteni marehemu, kisha mniletee chakula changu.

Marehemu akaketi. Akajipangusa majani.

"Asante, mtani," akasema. "Usisumbuke kunibeba. Nitaingia mwenyewe."

Akaingia. Wakamsikia anapita chumba cha kwanza, anapita cha pili, anapita cha tatu. Kisha akaita kutoka chini, "Mama Kidawa, walete watoto, huku kuna ubaridi." Bi Nguchiro akawabeba mmoja mmoja akawaingiza. Akamlaza Kidawa juu ya udongo mbichi. Mtoto akajinyoosha tumbo chini, akavuta pumzi, akalala, na ulimi wake ulikuwa ndani ya mdomo. Bi Nguchiro akalia. Siku nzima alikuwa analia, lakini machozi ya kweli yalikuwa hayo.

Alipotoka mlangoni alimkuta Ngiri nywele zimesimama, mkia umesimama, meno yameelekezwa kwake. Majirani walikwisha kusogea nyuma.

"Mtani," Bi Nguchiro akamwuliza taratibu, "umekasirika?"

Kobe akatoa kichwa, akakumbusha, bila haraka, kwamba mtani akikasirika utani umevunjika, na ukivunjika kila alichokula hurudishwa. Mayai, panzi, mizizi.

Ngiri akameza mate na udongo pamoja. "Sijakasirika," akasema. "Nacheka."

"Hatusikii."

"Ha," akasema Ngiri.

"Cheka vizuri, mtani."

"Ha ha ha," akasema Ngiri, na kila ha ilimtoka kama jino linalong'olewa. Hapo majirani wakacheka kweli, wakacheka mpaka Digidigi akaacha kulia akauliza kuna nini.

Watu walipoanza kuondoka, Bi Ngiri akaomba aione nyumba. Akaingia. Akakaa ndani muda mrefu. Akapima chumba cha kwanza kwa mabega yake, akapima cha pili, akapima cha tatu, akaupapasa ukuta kwa pua. Lazima mjue kwamba kwake yeye, tangu aolewe, kulikuwa na tundu moja tu. Familia nzima iliingia kinyumenyume kwa kubanana, na vichwa vya watoto vililala nje. Kila akimwomba mumewe aongeze hata kijichumba, mumewe hujishika kiuno akasema mgongo, mke wangu, mgongo unaniua.

Bi Ngiri akatokea kwa mlango wa nyuma. Akasimama mbele ya mumewe, mpole vilevile.

"Mgongo umepona lini?" akamwuliza.

Ngiri akamtazama Kobe, Kobe akatazama pembeni. Bi Ngiri akatangulia njia ya nyumbani, na mumewe akamfuata bila kuambiwa.

Tangu siku ile nyumba ya kina Nguchiro haikusikia puf, puf, puf. Kutoka ng'ambo ya mbuga ndiko kulikosikika kitu, kiangazi chote mpaka mvua za kwanza: kwaru, kwaru, kwaru, puu. Kisha kimya kidogo. Kisha sauti ya mama mpole inasema, "Bado."

Sasa funzo, maana najua mama zenu watawauliza mmefundishwa nini. Funzo ni kwamba uongo hauna faida. Bi Nguchiro alidanganya mchana kutwa, mbele ya watu wazima, na alichopata ni nyumba ya vyumba vitatu tu, na mlango wa nyuma, na watoto wazima. Basi nyinyi semeni kweli. Na Shaweji, ukija kuoa, ukiombwa kuchimba, chimba vibaya.

Ngano yangu imeingia shimoni kwake, imelala. Atakayeiamsha ailishe. Mpo?

Tupo.

Bado mpo? Nendeni kwenu.