Korosho Elfu Moja na Tisa

Hapo zamani za kale, sogeeni watoto, enzi wanyama walipokuwa na nyumba na milango, Kindi alikwenda bondeni kwa Bwana Nyati kumbangulia korosho za msimu mmoja. Msimu ukaisha. Nyati hakumwachia.

"Kwenu? We! Nani atanibangulia?"

"Bwana mkubwa, mama yangu yuko peke yake, ng'ambo ya vilima viwili."

"Basi sikiliza. Kikapu kile kina korosho elfu moja na tisa. Zipange safu safu. Kila safu iwe sawa na mwenzake, isibaki hata korosho moja. Na baina ya safu na safu uache hatua kumi zangu, nipite na tumbo langu. Ukiweza, nenda kwenu. Naapa kwa pembe zangu!"

Loo! Mjanja yule alijua anachosema. Idadi ile aliachiwa na babu yake, na ilikuwa kaidi kuliko punda.

Kindi akapanga mbili mbili. Ikabaki moja. Tatu tatu, moja. Saba saba, moja tena! Akajaribu tano tano, zikabaki nne. Kila akishindwa Nyati hucheka, ho! ho! ho! Naye Kindi huzizoa upya.

Siku zikapita. Moshi ukionekana upande wa vilima, Kindi humkumbuka mama akipuliza kuni, na chakula hakimpiti kooni. Siku moja akaishika ile korosho iliyobaki.

"Masikini, nawe huna mwenzio," akaiambia, machozi yakimtoka.

Akaitazama tena. Ala!

"Bwana mkubwa! Kila safu ikiwa na korosho moja tu, si zitakuwa sawa?"

Nyati akafikiri mpaka masikio yakamsimama. "Moja... na moja... Sawa. Lakini hizo ni safu elfu moja na tisa, mpumbavu we!"

"Ndiyo, bwana. Na kikapu ni kizito. Nisaidie basi."

Nyati alitaka kufuatana naye amwone akichoka na kushindwa njiani, kwa hiyo akakibeba mgongoni. Kindi akaweka korosho, to! Hatua kumi. To! Wakatoka uwanjani. To! Wakapanda kilima cha kwanza, Nyati akihema na kusema, "Sawa... sawa..." Wakashuka cha pili. Ikabaki korosho moja kikapuni. Kindi akaiweka kwenye kizingiti cha nyumba ndogo, to!

"Nani huyo?" ikauliza sauti ndani.

Kindi akagonga mlango.

Nyati akachungulia kikapu. "Zimekwisha. Haijabaki hata moja. Haya, turudi!"

"Turudi wapi, bwana? Uliapa kwa pembe zako. Mimi nimefika."

Mlango ukafunguka. "Mwanangu! Kila siku nakuwekea chakula chako, kila siku kinapoa!"

Wakakumbatiana, wakalia, wakaingia ndani wakala. Nyati akarudi peke yake na kikapu kitupu, akiokota korosho moja moja njia nzima.

Mwenye nguvu huweka masharti, lakini mwenye hamu ya kwao ndiye aionaye njia.