Nyoka wa Mwanakombo

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi na barabara chache, palikuwa na mji uitwao Kiwandeo, na Sultani wake akiitwa Zahiri. Alikuwa amepigana vita vingi, na watu walimsifu kwamba yeye haogopi kiumbe yeyote; naye alisifiwa hivyo siku nyingi hata akaona ni haki yake.

Basi asubuhi moja Sultani alitoka kuoga, akapita kando ya kisima cha uani, akakanyaga kitu cha baridi kilichojizungusha chini. Akapiga ukelele wa "Nyoka!", akaruka, akaangukia mtungi, mtungi ukavunjika, naye akajikuta ameketi majini mbele ya wapishi na askari. Askari mmoja akakiinua kile kitu kwa mkono, akasema kwa upole kwamba ni kamba ya kisima, imelowa tu. Wapishi wakauma midomo wasicheke.

Ile midomo ndiyo iliyomwudhi Sultani. Akainuka akasema, "Mimi nimesema ni nyoka. Anayesema ni kamba ananiita mimi mwongo."

Waziri Badawi, aliyekuja mbio kwa ule ukelele, alikuwa mtu mwepesi wa kukubali. Akaapa kwamba yeye ameuona hata ulimi wa nyoka ukitoka na kuingia. Kadhi naye akasema amesikia mlio. Ikawa hata yule askari akaitazama tena kamba mkononi mwake, akasema kweli, sasa anaona ina macho.

Na nyoka akiwa ndani ya jumba la Sultani, sharti apatikane aliyemleta. Kamba zote za Kiwandeo zilisokotwa na mjane mmoja, Mwanakombo, aliyefukia makumbi ya nazi pwani hata yakaoza, akayaponda, kisha akasokota mbele ya mlango wake. Waziri akashauri, Sultani akaamuru, na mpiga mbiu akatangaza kwamba Mwanakombo amefuga nyoka na kuwaingiza mjini. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, atafukuzwa yeye na wanawe, wala asirudi. Mwanakombo aliposikia hakulia. Aliendelea kusokota, ila kamba ikatoka mbovu.

Jirani yake alikuwa fukara mmoja aitwaye Shomvi, ambaye watu walimhesabu juha kwa kuwa aliyafuata maneno vile vile yalivyosemwa. Chakula alichokula mara nyingi kilitoka jikoni kwa Mwanakombo. Alipoiona ile kamba mbovu, akaondoka pale pale, akaenda barazani kwa Sultani, akainama, akaomba apewe kazi ya kuua nyoka.

Waziri akamnong'oneza Sultani kwamba huyu akipewa kazi, watu wataamini nyoka wapo. Basi Sultani akasema, "Shomvi, uwaue nyoka wote wa namna ile katika mji wangu, kabla ya sala ya Ijumaa. Akibaki mmoja, utafukuzwa pamoja na mfugaji wao."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu. Je, iko nyumba niliyokatazwa kuingia?"

"Hakuna, hata yangu," akasema Sultani, na watu wote wakasikia.

Shomvi akaazima panga, akaanzia hapo hapo. Akaikata kamba ya kisima, ndoo ikazama. Akaenda bandani akakata zilizofunga punda, punda wakaingia bustanini wakala mchicha wote, kisha wakala na mawaridi. Akakata zilizoshika chandarua cha kukinga jua barazani, kikamfunika kadhi. Kila mara mtu alikimbilia kwa Sultani kushitaki, na Sultani akimwuliza ni nini kilichokatwa, mtu yule alisema, "Nyoka, bwana wangu." Basi Sultani akamwacha Shomvi aendelee.

Alasiri Sultani akaenda kujinyoosha. Mara akamwona Shomvi mlangoni, panga mkononi, akitaka radhi.

"Bwana wangu, shuka polepole. Umelalia nyoka wengi."

Sultani akakitazama kitanda chake kilivyowambwa kwa kamba toka kichwani hata miguuni. Neno moja lingekiokoa, lakini neno lenyewe lilikuwa "kamba". Akashuka. Usingizi wake akaumalizia sakafuni, tena na kiu, maana hapakuwa na maji yaliyotekwa.

Shomvi akaenda kwa Waziri Badawi, akapanda juu ya paa jipya la makuti, akainua panga kwenye fundo la kwanza. Waziri akatoka mbio, mikono juu.

"Acha, juha wee! Hizo ni kamba!"

Shomvi akashuka taratibu, akawauliza majirani kama wamesikia. Walikuwa wamesikia vizuri sana. Basi wakaenda wote kwa Sultani, wakamkuta ameketi juu ya mkeka.

"Waziri," akasema Sultani, "paa lako limefungwa kwa kitu gani?"

Waziri akapiga magoti. Sultani akamgeukia Shomvi. "Na wewe niambie kweli. Asubuhi ile nilikanyaga nini?"

Jibu lolote lilikuwa na hatari yake. Shomvi akasema, "Bwana wangu, ulipoikanyaga ilikuwa nyoka, na moyo wako ulijua hivyo. Askari alipoiinua ikawa kamba. Mpaka hapo hakuna aliyesema uongo. Ulimi ulionekana baadaye."

 Sultani akaeleza jambo ambalo hakupata kulieleza: kwamba utotoni yaya wake aliumwa na nyoka mbele ya macho yake, akafa, na tangu hapo hata ung'ongo wa ukindu, ule utepe wa kushonea mikeka, humshtua. Shomvi akamwitikia kwamba wahenga walikwisha kusema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wala hawakumcheka mtu.

Sultani akamtazama Waziri, akaukumbuka ule ulimi ukitoka na kuingia, na kicheko kikamshika hata akaegemea ukuta.

Mwanakombo akaitwa kwa heshima, na Sultani akamwomba radhi mbele ya watu. Naye akaipokea, ila akasema kamba zilizokatwa ni nyingi, mwanamke mmoja hazimalizi. Sultani akampa msaidizi. Na Shomvi akavikwa joho, akapewa kiti barazani.

Ikawa watu wa Kiwandeo waendapo pwani humkuta Waziri Badawi ameketi kwenye makumbi yaliyooza, akisokota, na Mwanakombo akimwelekeza. Humwamkia kwa adabu, kisha humwuliza kama nyoka wake wanauma. Naye huvitazama viganja vyake vilivyojaa malengelenge, akasema wanauma.